Sikio la Mama Nukta

Kwa miaka kumi na tisa Mama Nukta hakuwahi kutupwa hata mara moja, na habari hiyo aliwatangazia watu kwenye foleni, kwenye misiba na kwenye kiti cha msusi, kama wengine wanavyomtangaza mtoto wao anayesomea urubani.

Kutupwa kwenyewe ni hivi. Msichana anapanda juu ya boriti, yaani ubao mrefu wenye upana wa kiganja, ulioinuliwa hadi usawa wa kifua cha mtu. Anaruka, anapinduka, anasimama kwa mguu mmoja kama vile ardhi haimhusu. Waamuzi watano wanamwangalia. Kila mmoja anaanza na kumi, kisha anakata: nukta moja kwa kuyumba kidogo, nukta tatu kwa goti lililopinda, nukta tano kwa kosa la kumfanya hata mama mzazi afumbe macho, na moja nzima kwa kuanguka. Alama zote tano zikishaingia, ya juu kabisa inatupwa, ya chini kabisa inatupwa, na tatu zilizobaki zinatafutiwa wastani. Kuna meza nyingine inayotoa alama za ugumu wa mchezo, nazo zinaongezwa juu yake, ila meza hiyo ina vituko vyake, tuiache. Mwamuzi akitupwa hafungwi jela. Anaandikwa tu. Akiandikwa sana, anaitwa ofisini akapewe chai ya baridi na maneno ya moto.

Mama Nukta hakuwahi kuandikwa. Siku za kazi alikuwa mkaguzi wa mizani. Alizunguka sokoni na mawe yake ya shaba kwenye begi la ngozi, na wauza nyama wakimwona anakata kona walianza kukohoa kupeana taarifa. Jumamosi alivaa koti la buluu na skafu, akaenda kukata nukta za watoto wa watu. Wachezaji ndio waliompa jina hilo, na si kwa mapenzi.

Na sasa kiti cha maisha kilikuwa mbele yake. Timu ilikuwa inakwenda kwenye mashindano ya dunia, na mwamuzi mmoja tu ndiye angefuatana nayo. Chama cha mchezo kilisema hakitachagua kwa kujuana. Kitachagua kwa jedwali la ulinganifu: mwamuzi ambaye alama zake mwaka mzima zimekaa karibu zaidi na katikati, huyo ndiye mwadilifu, huyo ndiye anapanda ndege. Mama Nukta aliongoza jedwali. Nyuma yake, kwa unywele tu, alikuwa mwamuzi mwenzake, Daktari wa Meno. Kulikuwa kumebaki shindano moja, la siku moja, la boriti tupu.

"Yaani ukikaa katikati leo tu, umeondoka," mume wake alimwambia asubuhi ile akimnyooshea koti mgongoni. Alikuwa dereva wa treni mstaafu, mtu wa kupenda vitu vinavyopita palepale kila siku.

"Mimi nitakaa wapi kwingine, baba? Katikati ndiko kwangu."

"Usije ukaanza ujuaji."

"Ujuaji nimeuanza lini?"

"Kwenye uamuzi, hujawahi. Hapa nyumbani ndiyo kila siku."

Siri ya Mama Nukta ilikuwa sikio lake la kulia.

Upande wa kulia aliketi huyo Daktari wa Meno, mwanamke mkavu mwenye vidole kama koleo, na Daktari aliandika kwa penseli ngumu. Mkwaruzo mfupi, nukta moja. Mkwaruzo mrefu, nukta tatu. Mkwaruzo mrefu wenye kona, nukta tano. Mama Nukta aliigundua lugha hiyo mwaka wake wa kwanza, siku aliyopigwa na kizunguzungu kwa kuangalia wasichana ishirini na sita wakipinduka mfululizo. Alifumba macho akasikiliza, akaandika alichokisikia, akatoka katikati kabisa. Wiki iliyofuata akajaribu tena. Akazoea. Alikuwa anawakodolea wachezaji macho kama samaki wa barafuni, akiliwazia bomba la jikoni linalovuja, huku sikio likifanya kazi yote.

Siku ya shindano, alipofika kwenye meza ya waamuzi, meza yenyewe ikiwa imepindwa kama kiatu cha farasi, alikuta tableti tano zinang'aa. Pembeni amesimama Bwana Takwimu wa chama, mtu wa makamo mwenye kipara na furaha ya bwana harusi, ameshika kopo la biskuti.

"Penseli zote humu, akina mama," alisema. "Na karatasi. Leo tunagusa kioo tu. Kosa dogo hapa, kosa kubwa hapa, tuma hapa. Alama tano zikishaingia zinatokea papo hapo kwenye ubao, watu wote wazione. Mwenyekiti wenu ana sekunde sitini za kuitisha kikao kama zimepishana mno, na kikao chenyewe kina dakika tatu. Zikipita hizo, ubao unajifunga wenyewe. Hata mimi siufungui."

"Hata penseli moja ya kushikia tu?" aliuliza Daktari wa Meno.

"Ya nini, Daktari?"

"Mazoea."

"Mazoea ndiyo tunayoyaondoa," alisema Bwana Takwimu, akalitikisa kopo.

Mama Nukta alitia penseli yake na akajisikia kama mtu aliyevuliwa viatu mlangoni kwa watu asiowajua. Akawatazama wenzake. Kuanzia ncha ya kushoto alikuwapo Nesi, halafu Mwalimu wa Hesabu, halafu yeye mwenyewe, halafu Daktari, na kwenye ncha ya kulia, akitazamana uso kwa uso na Nesi, alikuwapo Karani wa Posta. Wote walikuwa wamekaa wima mno. Katikati ya kiatu cha farasi, kwenye kiti chake cha mto, aliketi Mwenyekiti, mama mnene, mchezaji wa enzi ambazo boriti ilikuwa haijavishwa hata kitambaa, na mbele yake kikombe cha chai.

Nje ya ukumbi bango lilikuwa limeshabandikwa: timu nzima ya wasichana watano wakitabasamu. Wanne walikwisha kuchaguliwa. Wa tano, wa boriti, alikuwa anatafutwa leo, lakini aliyechapa bango alishaweka picha ya Sukari, kipenzi cha watu, ili asirudie kazi.

Wa kwanza kupanda alikuwa Korongo. Jina lilitokana na miguu, kwani alikuwa mrefu kuliko mchezo ulivyopenda, na alijaliwa bahati ya kuchaguliwa wa kwanza kwenye kila kura. Wa kwanza kila mtu anamjua: hapewi kitu. Waamuzi wanabana, wanasema tuache nafasi, huenda wakaja wazuri zaidi, na mpaka wazuri zaidi waje, yeye yuko bafuni ameshajimwagia maji.

Korongo aliinua mikono. Mama Nukta alitega sikio.

Kimya. Vidole viligusa vioo bila sauti yoyote. Alijaribu pumzi za Daktari, akasikia pumzi tu. Alijaribu bangili zake, Daktari hakuvaa bangili. Basi kwa kukosa pa kwenda, Mama Nukta aliangalia.

Mama yangu wee. Aliona kitu ambacho hakuwa amekiona tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Aliuona unyayo wa msichana ukiitafuta boriti kwa nyuma kama mkono unavyotafuta swichi gizani, ukaipata, ukaishika. Aliona nukta moja ya kuyumba baada ya pinduko la kwanza, na mkono wa kushoto uliopunga kidogo kama unafukuza nzi. Aliona msamba wa hewani ambao haukufunguka mpaka mwisho. Akahesabu kichwani kama anavyohesabu gramu. Korongo alipotua, kwa kahatua kamoja kadogo, hesabu ilikuwa imekaa: kukata moja nukta nne. Alama nane nukta sita.

Kidole chake kikaenda kwenye nane nukta sita, kikasita.

Katikati ya wengine itakuwa wapi? Mchezaji wa kwanza. Mrefu. Hakuna anayempa nane nukta sita mchezaji wa kwanza. Wa kwanza hupewa nane. Mume wake alikuwa amesemaje kuhusu ujuaji? Mama Nukta aliandika nane kamili akatuma.

Ubao ukawaka. Sita nukta tisa. Tisa nukta moja. Nane kamili. Saba nukta mbili. Nane nukta nane.

Ukumbi uliangua kicheko.

"Mmoja wenu alikuwa anaangalia mpira!" alipaza sauti mtu wa safu za juu.

"Sema watatu!" alijibu mwingine.

Kocha wa Korongo alitupa taulo chini. Mwenyekiti alibonyeza kitufe cha kikao kwa kidole gumba, akainuka, na waamuzi watano, tableti mkononi, wakamfuata hadi kwenye stoo ya magodoro kama wanafunzi waliokamatwa na majibu.

"Funga mlango," alisema Mwenyekiti. "Sasa nielezeni. Huyu kampa sita, huyu kampa tisa. Mlikuwa mnamwangalia msichana mmoja?"

Mwalimu wa Hesabu, mwembamba mwenye miwani ya kamba, ndiye aliyeshindwa kuvumilia.

"Basi nasema," alisema. "Mimi huwa nasikiliza penseli ya Mama Nukta. Leo hana penseli."

"Yangu mimi?" Mama Nukta alishtuka. "Wewe, mwenye shahada?"

"Dada, wewe hujawahi kutupwa. Ningemsikiliza nani tena?"

"Sasa mbona mimi namsikiliza Daktari!"

Daktari wa Meno alikuwa mwekundu mpaka masikioni. "Mimi nachungulia kwa Posta," alisema. "Shingo yenyewe imeshaniuma miaka."

Karani wa Posta aliinua mikono kama anayesimamishwa na polisi. "Jamani, mimi niko ncha. Nimwangalie nani? Namwangalia Nesi mkabala, mkono wake ukishuka nami nashusha."

Wote wakamgeukia Nesi.

"Msiniangalie hivyo," alisema Nesi. "Mimi nasikiliza kwa Mwalimu."

Mwalimu wa Hesabu alivua miwani. Alikuwa ameshaizungusha hesabu yote kichwani na haikumpendeza. "Kwa hiyo," alisema polepole, "Nesi ananisikiliza mimi, mimi Mama Nukta, Mama Nukta Daktari, Daktari Posta, Posta Nesi. Ni duara. Hakuna aliyekuwa akiangalia mchezo."

"Miaka mingapi?" aliuliza Mwenyekiti.

"Mimi nina kumi na nne," alisema Posta. "Niliwakuta hivyo."

Nesi alianza kucheka, akajiziba mdomo na skafu, ikawa vibaya zaidi. Hata Daktari alitikisika mabega. Mama Nukta peke yake hakucheka. Alikuwa anamfikiria yule msichana, na nukta sita alizomkata bure ili yeye mwenyewe akae na wenzake.

"Mkimaliza harusi yenu, mniambie," alisema Mwenyekiti. "Zimebaki sekunde ishirini na tano. Yupo katikati nani? Mama Nukta, nane. Sogeeni kwake. Nesi panda, Mwalimu shuka, na nyinyi wengine msimwache peke yake."

"Lakini mie hiyo nane..." Mama Nukta alianza.

"Hiyo nane ina nini?"

Alikuwa aseme: nimeibahatisha. Aliona ndege. Aliona mume wake akimpungia mkono getini kwa raha ya mtu atakayelala na redio imewashwa. "Haina kitu," alisema.

Basi wakasogea. Nesi saba nukta nane, Mwalimu nane nukta moja, Daktari saba nukta tisa, Posta nane, Mama Nukta nane. Ya juu na ya chini zikatupwa, ugumu ukaongezwa, na Korongo akaandikwa kumi na tatu nukta tatu sita sita.

"Na tangu sasa," alisema Mwenyekiti kabla hawajatoka, "sitaki tena aibu hii. Sikilizeni kijiko changu. Msingi ni nane. Nikigonga kikombe kisha nikanywa, mnapanda kwa idadi niliyogonga. Nikinywa kwanza kisha nikagonga, mnashuka. Na msilingane wote, tusionekane kwaya. Posta akae nukta mbili chini ya kijiko, Nesi moja juu, nyinyi watatu kaeni palepale."

"Na wewe utaangalia mchezo, Mwenyekiti?" aliuliza Mwalimu.

"Mimi naijua michezo hii tangu hujazaliwa. Nikimwona mtoto anavyotembea kuja, nimeshajua."

Tangu hapo mambo yalikwenda kama reli. Akapanda wa pili, kijiko kikasema. Akapanda wa tatu. Kwenye ubao alama zilikaa pamoja kama vifaranga. Bwana Takwimu alikuja mara mbili kuwaonyesha mchoro kwenye simu yake, mistari mitano imeshikana hata huwezi kujua upi wa nani.

"Asilimia tisini na nane!" alinong'ona, macho yanamlengalenga. "Ulinganifu wa tisini na nane! Nimefanya kazi hii miaka kumi na moja, sijawahi kuona waadilifu kama nyinyi." Akamwinamia Mama Nukta. "Wewe na Daktari mko sawasawa bega kwa bega, ila wewe uko mbele kidogo. Endelea hivyohivyo."

Mama Nukta aliendelea hivyohivyo. Shida ni kwamba macho yalikataa kurudi kulala. Wa nne alikunja vidole vya miguu kama mtu anayekanyaga maji machafu, na kijiko kikampandisha. Wa tano alifanya vizuri mno, kijiko kikamshusha kwa sababu Mwenyekiti alikuwa anakunywa kwanza kuondoa kiu. Mama Nukta aliandika kama kijiko kilivyosema, na kila alipoandika aliuona mkono wake mwenyewe kama mkono wa muuza nyama unaokandamiza sahani ya mizani kwa kidole kidogo. Huyo akimkuta anamfungia duka kwa gramu hamsini. Anamfungia mbele ya wateja, na hotuba juu.

Likaja tatizo jingine, la kimaumbile. Kijiko kilihitaji chai, na chai ilihitaji kunywewa kweli, maana Bwana Takwimu alikuwa na jicho. Wachezaji saba, vikombe sita. Mwenyekiti alikuwa amebana magoti, anahesabu vigae vya darini.

"Bado nani?" aliuliza kwa meno yaliyofungwa.

"Sukari tu," alisema Nesi.

"Afanye haraka mtoto wa watu."

Sukari alipanda kwa makofi. Alikuwa binti mzuri na alijitahidi, tusimseme vibaya, ila siku hiyo mwili ulikuwa umeamkia upande usio wake. Pinduko la kwanza tu aliyumba hadi kiuno kikavunjika mara mbili. Nukta tano, Mama Nukta alihesabu. La pili akayumba tena vilevile, tano nyingine. Kwenye mzunguko wa mguu mmoja aliikamata boriti kwa mkono kama mtu anayedaka sufuria inayodondoka. Tano. Watu wakapiga makofi kumtia moyo. Goti, tatu. Msamba nusu, tatu.

Sukari bado yuko hewani, anashuka kutoka kwenye boriti, Mwenyekiti akagonga kikombe mara mbili, akakimeza kilichobaki, akainuka na kuondoka kwa hatua fupifupi za haraka kuelekea mlango wenye picha ya sketi.

Nane nukta mbili, kwa hiyo. Sukari alitua kwa hatua mbili kubwa, nukta tatu nyingine, akainua mikono na kutabasamu. Vidole na kichwa, moja na moja. Jumla mbili nukta sita. Saba nukta nne.

Mama Nukta alitazama kioo. Kushoto Mwalimu ameshatuma, kulia Daktari ameshatuma. Akawaza kwamba akiandika nane nukta mbili, kesho kutwa anapiga picha ya pasipoti. Akiandika saba nukta nne, anatupwa, kwa mbali kiasi kwamba mchoro wa Bwana Takwimu utatoka ukingoni. Alijaribu kuutafuta uongo mdogo wa kukaa katikati ya hizo mbili, nane kamili labda, saba nukta tisa. Lakini nane kamili alishampa mtu leo, na yule alikuwa anastahili zaidi.

"Tuma, dada," alinong'ona Daktari bila kugeuza kichwa. "Unangoja nini?"

"Hebu niambie, Daktari. Umemwona alivyoikamata ile boriti?"

"Ipi?"

"Basi," alisema Mama Nukta. Akabonyeza saba, akabonyeza nne, akatuma.

Ubao ukawaka: nane nukta tatu, nane nukta mbili, saba nukta nne, nane nukta mbili, nane kamili. Ile saba nukta nne ilikaa katikati ya wenzake kama mguu uliotoka nje ya shuka. Ukumbi ukazomea. Saa ya sekunde sitini ikaanza kurudi nyuma.

"Kikao!" alisema Nesi. "Mwenyekiti yuko wapi?"

"Yuko... huko," alisema Posta.

"Mwiteni!"

"Nani? Nikamgongee mlango?"

Daktari alikuwa amemgeukia Mama Nukta mwili mzima. "Umefanya nini, wewe? Umegonga vibaya?"

"Nimegonga nilichokiona."

"Dada, mwaka mzima umeongoza! Mimi nilikuwa nyuma yako nakula vumbi lako, sasa unaniachia tu?"

"Chukua."

"Sitaki kuachiwa!"

"Basi usichukue, shoga. Mimi nimeshatuma."

Sekunde ya mwisho ikapita, ubao ukajifunga. Ya juu ikatupwa, ya chini, yaani ya Mama Nukta, ikatupwa. Ugumu ukaongezwa. Sukari: kumi na tatu nukta tatu tatu tatu. Korongo juu yake kwa uzi, na juu ya wote.

Mwenyekiti alirudi amenyooka na mwenye amani, akipangusa mikono, akaukuta ukumbi unapiga kelele. Alisoma ubao, akasoma tena.

"Haiwezekani," alisema. "Alama yake si imetupwa? Iliyotupwa haihesabiwi!"

"Haihesabiwi," alisema Mwalimu wa Hesabu, na sauti yake ilikuwa na kitu kama heshima. "Lakini angekaa nane nukta mbili, ya chini ingekuwa ya Posta, ndiyo ingetupwa, na Sukari angepata kumi na tatu nukta nne. Sasa ya Mama Nukta imetupwa badala yake, ile nane ya Posta ikaponea, ikaingia kwenye hesabu ikamvuta chini."

"Yaani ni mimi?" aliuliza Posta kwa hofu.

"Wewe umekaa tu pale ulipoambiwa," alisema Mwalimu. "Kama sisi sote."

Mwenyekiti alimgeukia Mama Nukta. "Ulipanga hivyo?"

"Mwenyekiti, mimi hata ugumu wao siujui. Ningepangaje?"

Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililomkasirisha Mwenyekiti zaidi.

Bwana Takwimu ndiye aliyekuja na majibu ya jedwali, sura imemshuka kama amefiwa na mchoro. Daktari wa Meno angesafiri na timu. Mama Nukta, kwa kupishana nukta nane na wenzake kwenye mchezaji mmoja, aliandikwa kwa kalamu nyekundu, na kwa mujibu wa kanuni angehudhuria mafunzo ya waamuzi wapya, miezi mitatu, kila Jumamosi, darasa moja na wasichana wa miaka ishirini.

"Wanafundisha nini huko?" aliuliza Mama Nukta.

"Kuangalia," alisema Bwana Takwimu kwa uchungu.

Alichukua begi lake akatoka kwa mlango wa nyuma, kwa sababu mlango wa mbele kulikuwa na kocha wa Sukari na watu wake, na walikuwa hawatafuti saini. Kwenye ushoroba wa vyumba vya kubadilishia nguo alimkuta Korongo kwenye benchi refu, ameviringisha bandeji kwenye kifundo, medali ya bati shingoni. Msichana alimwona, akasimama nusu, akasita kama anayetafuta maneno mengine, halafu adabu ikamshinda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hongera."

"Asante." Akakaa tena. "Lakini wewe ulinipa nane."

"Nilikupa."

"Mwanzo kabisa, kabla hawajasogeasogea. Namba tatu, nane. Ndiyo maana wote wakaja hapo. Kocha kaona."

"Kocha wako ana macho."

"Nilikosea wapi hata nipewe nane? Mimi sijui. Nimejirudia kichwani mchana kutwa, sijui."

Mama Nukta aliweka begi chini. Angeweza kusema mambo ya mchezaji wa kwanza, na kuacha nafasi, na katikati. Aliketi kwenye ncha ya benchi, mifupa ikalalamika.

"Hukukosea kufika nane," alisema. "Ilikuwa nane nukta sita. Niliiona kabisa, nikaandika nyingine kwa woga."

Msichana alimkodolea macho. "Woga wa nani?"

"Hilo nitakapolijua nitakwambia. Lakini za kweli ninazo kichwani, ukizitaka."

"Nazitaka."

Basi akamhesabia kwenye vidole. Kuyumba baada ya pinduko la kwanza, nukta moja. Mkono wa kushoto kupunga, moja. Msamba haukufunguka, tatu. Kusimama mno kabla ya mzunguko, moja. Vidole vya mguu wa nyuma, moja. Ulegevu wa mwendo katikati, tatu. Kutua, kahatua, moja.

"Na goti kwenye mruko wa pili, tatu. Jumla moja nukta nne."

Korongo alikuwa akiitikia kwa kichwa kila kidole, mpaka cha mwisho.

"Goti hapana," alisema.

"Nini hapana?"

"Goti langu halikupinda. Zingine zote nakubali, hata ulegevu, nilichoka kweli. Goti nakataa."

"Binti, nimeliona kwa macho haya."

"Kwa upande gani?"

"Kwa mbele."

"Ndiyo hivyo! Kwa mbele, mguu mrefu unaonekana umepinda. Kila mtu ananikata hapo. Miaka minne nakatwa goti ambalo halipindi!"

Mlango wa mbele wa ukumbi ulikuwa bado unanguruma. Simu ilitetemeka kwenye begi, mume wake bila shaka, akitaka kujua.

"Panda," alisema.

"Wapi?"

"Juu ya hili benchi. Lina upana wa kukutosha. Ruka ule mruko."

"Na bandeji hii?"

"Polepole. Nataka goti tu, madoido yaache."

Korongo alipanda, akapima nafasi kwa unyayo, akaruka. Benchi likalia. Mama Nukta, kwenye sketi yake ya uamuzi, alishuka sakafuni kwa magoti na viganja, akasogea pembeni hadi shavu lake likawa usawa wa ukingo wa benchi.

"Limenipita," alisema kutoka chini. "Rudia."

Msichana akarudia.

"Tena. Na usiniangalie mimi, angalia mbele."